Vigae kwenye mkuza: kupima mambo ya kale kabla bomba halijapita

Katika ripoti nyingi za miradi midogo ya maji vijijini kuna sentensi ambayo ukiisoma haraka haikushtui: "Hakuna maeneo ya kihistoria yanayojulikana katika eneo la mradi." Neno la kutazama hapo ni "yanayojulikana". Yanajulikana na nani? Mara nyingi mwandishi alifungua orodha ya maeneo yaliyotangazwa rasmi, hakukuta jina la kijiji, akaifunga. Hakuna aliyepita shambani akiangalia chini.

Bomba kubwa lina wa kulikemea. Mradi kama bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, hukutana na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa: Kiwango cha 8 cha IFC (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi) kinachohusu urithi wa utamaduni, na mwenzake wa Benki ya Dunia ulioanza kutumika 2018. Masharti ya aina hiyo ndiyo yaliyofanya bomba la Chad hadi Cameroon, kati ya 1999 na 2004, litoe zaidi ya maeneo 400 ya akiolojia ambayo mengi hayakuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Bomba la maji la inchi nne linalotoka kisimani kwenda vitongoji vitano halina mkopeshaji wa namna hiyo. Kwa kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zilivyorekebishwa 2018, miradi imegawanywa katika madaraja, na mradi mdogo ukiangukia daraja la chini maelezo yake kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, huwa mafupi. Mambo ya kale hupata mstari mmoja, ule ule.

Tuzungumzie ukanda wa pwani ya kusini: Mkuranga, Kibiti, Rufiji, Kilwa, Lindi. Tumeuchagua kwa sababu unadanganya. Ukienda Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mhandisi yeyote ataona kuta za mawe na mifereji ya wakulima wa zamani, na atajua amefika mahali pa watu. Kule shida yake ni nyingine: bomba linataka mto ule ule ambao mfereji wa kale uliutaka. Pwani ya kusini, ukiondoa magofu ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na ndugu zake, cha kale hakikusimama. Watu walijenga kwa miti na udongo. Kilichobaki ni vigae vya vyungu, mavi ya chuma (taka ngumu za kuyeyushia chuma), udongo wa kukandikia ukuta ulioiva kwa moto, kombe na shanga moja moja, vyote vikiwa chini ya mikorosho, sentimita 20 hadi 80 ndani ya mchanga. Hivyo ndivyo yalivyokuwa maeneo kama Limbo, kusini ya Dar es Salaam, ambako mwanaakiolojia Felix Chami alionyesha kwamba watu waliyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita, na Mkukutu karibu na delta ya Rufiji, zilikochimbwa shanga alizozitambua kuwa za ulimwengu wa Kirumi. Kabla ya kuchimbwa, hayo yote yalikuwa mashamba. Mtu angeweza kuandika "hakuna maeneo yanayojulikana" na asiambiwe mwongo.

Sheria yenyewe haingoji eneo litangazwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kilichotengenezwa au kuchongwa na binadamu kabla ya 1863, pamoja na majengo ya kabla ya mwaka huo, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Kigae cha miaka 1,500 kilicho katika shamba la mihogo kina ulinzi tangu kikiwa ardhini, na anayekikuta anatakiwa kutoa taarifa. Tatizo ni kwamba kigae hakiandikwi tarehe. Vyungu vinafinyangwa mpaka leo, na kwa macho ya dereva wa kijiko (mashine ya kuchimbia), kigae cha bibi na kigae cha karne ya 6 ni takataka mbili zinazofanana. Ndiyo maana lazima mtu anayejua apite kwanza.

Mtaro si adui mkubwa

Tuchukue mradi wa mfano: bomba la polithini la milimita 110, urefu kilomita 40, mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.2, mkuza (ukanda wa ardhi wa kupitishia bomba) wa mita 10, matangi mawili, vituo vya kuchotea maji 25.

Mtaro wote unachukua eneo la hekta 2.4. Mkuza unachukua hekta 40. Greda likipita kwenye mkuza likikwangua sentimita 20 za juu ili magari ya mabomba yapite, limegusa ardhi karibu mara 17 ya ile ya mtaro, tena kwenye tabaka lile lile ambalo vigae vingi hukaa. Ongeza kambi ya mkandarasi, mashimo ya kifusi, barabara ya muda kwenda kwenye tangi, na uwanja wa kugeuzia malori. Tathmini inayopima mstari wa mtaro peke yake imepima sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwomba mhandisi ni orodha ya kila mahali ambapo udongo utaguswa, hata kama bado hajaamua. Kifusi hasa. Mashimo ya kifusi huamuliwa na mkandarasi wiki ya pili ya kazi, kwa mapatano na mwenye shamba, na hayamo katika mchoro wowote.

Jambo jingine wahandisi hushangaa kuambiwa: sehemu wanazozipenda wao ndizo walizozipenda watu wa kale. Tangi linataka mwinuko, na mwinuko mkavu wenye upepo ulio karibu na maji ndio uliokaliwa. Chanzo ni chemchemi ileile. Bomba huvuka mto pale kingo ni imara na maji ni membamba, na hapo ndipo njia ya miguu ilipovuka miaka yote. Hata kituo cha maji huwekwa chini ya mwembe au mbuyu mkubwa, kwa kivuli. Ukiwa na fedha ya kupima sehemu chache tu, anzia hapo: matangi, chanzo, mavuko ya mito, na vilima vyote vyenye chemba za kutolea hewa.

Mezani, halafu barazani

Kazi ya mezani haizidi siku nne au tano kwa mradi wa ukubwa huu. Ramani za kipimo cha 1:50,000, picha za satelaiti za kiangazi na za masika kwa kulinganisha, tasnifu za Idara ya Akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, rejesta za Idara ya Mambo ya Kale na za Makumbusho ya Taifa. Majina ya mahali yasomwe kwa makini: jina kama Magofuni, Makaburini au Mzimuni lilipewa na watu waliokuwa na sababu. Kwenye picha za satelaiti, tafuta mibuyu iliyokusanyika peke yake porini. Si kila kundi la mibuyu lilikuwa kijiji, lakini vijiji vingi vya zamani vya pwani vimeacha mibuyu.

Kabla ya kuweka mguu shambani, lazima mkutano wa kijiji. Si kwa adabu tu. Pwani ya kusini kila mtu amesikia habari za hazina ya Wajerumani: masanduku ya rupia yaliyofukiwa wakati wa vita, yenye alama juu ya jiwe au mti. Wageni wanaotembea kwa mstari wakipachika vibendera vyekundu na kuchimba vishimo vya mraba hawahitaji kusema neno; kijiji kimeshajua wanatafuta nini. Usiku huo vibendera vitang'olewa na mashimo yatapanuliwa kwa sururu, na kilichokuwa tabaka kitakuwa rundo. Dawa yake ni uwazi: mwenyekiti na mtendaji wawepo, mtu aonyeshe kigae na bonge la mavi ya chuma mbele ya watu, aseme hivi ndivyo tunavyotafuta na havina bei sokoni, na vijana wawili watatu wa kila kitongoji waajiriwe kwenye kazi. Kila shimo lifukiwe siku hiyohiyo, na kilichotoka kionyeshwe kabla hakijaingia mfukoni.

Kwenye mkutano huo utapata pia ambayo macho hayaoni. Mzimu unaweza kuwa mti tu wenye kitambaa cheupe, chungu na harufu ya ubani, bila kigae hata kimoja, na bado bomba likipita pale mradi utapata uadui usioisha. Makaburi ya pwani mengi hayana jiwe. Baadhi yana vijiti viwili tu, au bakuli lililovunjika. Kwa Waislamu wa hapa kibla kiko kaskazini, maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akikielekea, kwa hiyo kaburi hunyooka mashariki kwenda magharibi. Ukiona vituta vilivyolala upande mmoja hivyo chini ya kichaka, simama uulize. Waulizwe wanawake peke yao, mbali na baraza la wazee. Makaburi ya watoto wachanga mara nyingi yako kando na ya watu wazima, na wanaoyakumbuka ni wao. Kaburi likilazimika kuhama, hilo halimo kwenye mambo ya kale: lina sheria yake ya 1969 ya kuhamisha makaburi, taratibu zake, na ndugu zake. Tangi la maji halistahili vita hiyo. Sogeza tangi.

Kutembea

Hapa ndipo tathmini inaposimama au kuanguka, na wengi huibana ili kuokoa pesa.

Tembea upana wa mita 30 hata kama mkuza ni mita 10, mita 15 kila upande wa mstari. Sababu ni ya vitendo: ukikuta kitu na hujui kilichopo pembeni, huwezi kumwambia mhandisi asogee upande gani. Kwenye shamba lililolimwa, watu wanne waliopishana mita 10 wanatosha. Kwenye nyasi na vichaka, pishaneni mita 5, maana yake watu saba. Kikosi kinachoandika vizuri huenda kilomita 3 hadi 5 kwa siku. Kwa kilomita 40, hesabu siku 10 za kutembea na siku mbili za akiba. Anayekuahidi kilomita 20 kwa siku atakuwa ndani ya gari.

Msimu una uzito kuliko idadi ya watu. Baada ya masika nyasi ziko kifuani na hutaona hata njia. Wakati mzuri ni mwisho wa Oktoba na Novemba: mashamba yameshachomwa na kulimwa, na mvua mbili tatu za vuli zimeosha vumbi, vigae vimebaki juu ya udongo kama vimepangwa. Kigae kilichooshwa na mvua huonekana kutoka mita tano. Kilicho na vumbi utakikanyaga. Mradi ukikupa Mei, sema wazi kwenye ripoti.

Na hili la kusema wazi ndilo linalokosekana zaidi. Kwa kila nusu kilomita, andika asilimia ya ardhi iliyoonekana. Kilomita mbili za shamba jeupe zisizo na kigae ni taarifa ya kweli. Kilomita mbili za vichaka visivyo na kigae si taarifa ya chochote, ni mahali ambapo hatujaangalia bado. Ripoti nyingi huviweka viwili hivyo katika rangi moja ya ramani, kijani, na ule mstari wa "hakuna" unazaliwa upya ukiwa na picha.

Tazama vichuguu. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini, na pamoja nao chembe ndogo, kama za mkaa. Tazama kuta za mashimo ya choo yanayochimbwa, kingo za barabara, mizizi ya mkorosho ulioangushwa na upepo, na udongo uliotupwa na fuko. Hayo ni mashimo ya bure.

Kuhusu kutambua, mambo machache yanatosha kumsaidia anayeanza. Vyungu vya wafua chuma wa mwanzo, vinavyoitwa vya Kwale kwa jina la mahali Kenya vilikotambuliwa mara ya kwanza, vina mdomo mnene uliokatwa kingo au kuchorwa mifuo sambamba. Vilivyofuata, kuanzia karne ya 6 hivi, vina pembetatu zilizojazwa mistari shingoni. Mavi ya chuma ni mazito, meusi au ya kahawia, yana matundu ya hewa na umbo la kitu kilichotiririka kikaganda. Yasichanganywe na changarawe nyekundu ya asili, ambayo nayo ni nzito: vunja kipande kimoja, ukiona chembe za mchanga zilizogandamana bila matundu wala kung'aa, ni mwamba. Ukikuta kipande cha mrija wa udongo chenye ncha iliyoyeyuka kama kioo, hiyo ni mirija iliyopeleka upepo wa mivukuto kwenye tanuri, na tanuri lenyewe haliko mbali. Pandisha daraja la eneo hilo palepale. Kimoja tu cha hivyo kina habari kuliko vigae mia vya juu.

Mashimo ya kupima

Kuchimba hata kishimo cha nusu mita ni uchimbaji kwa sheria, na unahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Omba mapema, kibali kisichofika ndicho huahirisha kazi kuliko mvua.

Tuseme kutembea kumetoa maeneo 12 ya kutilia shaka. Sita kwa kila moja, mashimo 72, ya sentimita 50 kwa 50, yakipishana mita 20 hadi 30 kwa mkao wa msalaba ili uone eneo linaishia wapi. Chimba kwa tabaka za sentimita 10, kila tabaka na mfuko wake. Shimo moja la kina cha mita moja linatoa robo ya mita ya ujazo, karibu kilo 400 za mchanga mkavu, na zote zinapita kwenye chekeche kwa mikono. Vikosi viwili vya watu watatu, kila kimoja kikimaliza mashimo manne au matano kwa siku, watakaa siku nane. Chekeche la tundu za milimita 5 linatosha kwa vigae, lakini shanga hupita kama mchele. Weka la milimita 2 kwa angalau ndoo moja ya kila tabaka.

Kina kinaleta mgogoro. Mtaro utakwenda mita 1.2, na shimo la nusu mita kwa nusu mita halichimbiki vizuri kupita mita moja kwa sababu mkono na sepetu havina nafasi. Wengi huacha kwenye sentimita 60 "udongo ulipobadilika rangi". Pwani mchanga wa upepo na wa mmomonyoko unaweza kufunika makazi, na chini ya sentimita 30 tupu ukakuta tabaka jingine lenye vigae. Kanuni salama: tabaka mbili tupu mfululizo, kisha kekee ya udongo kutoka sakafu ya shimo hadi sentimita 20 chini ya kina cha mtaro. Mchanga mkavu ukianza kumomonyoka ukutani, panua uwe mita moja kwa moja au uache. Hakuna kigae cha kumfukia mtu.

Mita 300 za bure

Kosa linaloua tathmini nzuri halihusu akiolojia. Ramani za zamani za Tanzania na michoro mingi ya wapimaji iko katika mfumo wa kutaja mahali kwa namba uitwao Arc 1960. Jipiesi (GPS) ya mkononi, isipobadilishwa, inaandika mfumo mwingine, WGS84. Tofauti kati ya hiyo miwili kwa hapa kwetu ni karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Ukimpa mhandisi namba bila kutaja mfumo, uzio wako utawekwa kwenye shamba tupu na kijiko kitapita katikati ya tanuri, kila mtu akiwa na hakika amefuata ripoti. Andika mfumo kwenye kila jedwali, andika kanda ya ramani (ya UTM) pia, maana magharibi ya nyuzi 36 mashariki ramani inaingia kanda ya 36 na mradi mrefu unaweza kuwa na zote mbili. Kisha nenda na mpimaji wa mkandarasi mpaka kwenye kigingi kimoja, kila mmoja asome kifaa chake. Dakika kumi.

Kosa la pili ni la lugha. Mkandarasi hasomi "eneo la 7, karne ya 6 hadi ya 9". Anasoma cheneji, yaani umbali wa kilomita na mita kutoka mwanzo wa mstari. Mwandikie: kutoka 12+340 hadi 12+460, greda lisipite, mkuza mita 4, kuchimba kwa mkono. Lakini cheneji hubadilika mstari ukihamishwa: ukiongeza mita 60 kilomita ya tano, kila namba inayofuata imesogea. Kwa hiyo toa zote mbili, cheneji na namba za ramani, pamoja na tarehe ya mchoro uliotumika.

Kusogeza bomba

Hapa bomba la maji lina neema ambayo bomba la gesi la chuma la inchi 36, kama lile la Mtwara hadi Dar es Salaam, halina. Polithini hukunjika. Bomba la milimita 110 la unene wa kawaida linaweza kupinda lenyewe kwa nusu kipenyo cha mita tatu hadi nne bila kiungo. Kuzunguka eneo kwa kujitenga mita 20 ndani ya umbali wa mita 200 kunaongeza urefu wa mita nne tu. Msuguano wa maji katika mita nne hauonekani kwenye hesabu. Kinachoweza kumkera mhandisi ni mwinuko: mradi wa mserereko wa maji ukisogezwa upande wa juu wa kilima unaweza kupoteza shinikizo au kutengeneza nundu inayoshika hewa. Muulize kwanza mistari ya mwinuko, kisha pendekeza upande.

Lakini neema hiyo ina siku yake. Ni kabla ya uthamini wa fidia. Mthamini akishahesabu mikorosho na wenye mashamba wakishasaini, kusogeza mita 20 ni kumleta mwenye shamba mpya, mikorosho mipya na malalamiko mapya, na hapo ndipo mhandisi mwungwana atakapokuambia kwa upole kwamba eneo lako litabidi "lifuatiliwe wakati wa ujenzi". Mwanaakiolojia atoke na wapimaji wa mstari, au wiki mbili nyuma yao. Akija nyuma ya mthamini amekuja kuandika maziko.

Ikishindikana kabisa kuhama, kuna njia za kati kabla ya kufikia uchimbaji wa kuokoa. Bana mkuza. Tandika mabomba kutoka upande mmoja bila greda. Chimba mtaro kwa mkono, au kwa kijiko chenye bakuli lisilo na meno, likikwangua sentimita 10 kwa 10, mtu akiwa mbele yake. Uchimbaji wa kuokoa ni wa mwisho kwa sababu ni ghali na hauishi shambani: vigae vinahitaji kuoshwa, kuhesabiwa, kuhifadhiwa mahali palipokubaliwa na Makumbusho, mkaa unahitaji kupelekwa maabara na kwa nje unataka kibali cha kusafirisha. Bajeti inayolipia siku 15 za kuchimba bila hata siku moja ya kuosha imelipia magunia.

Mkataba na siku ya kijiko

Kila kilichosemwa hapo juu kitaanguka kisipoingia kwenye zabuni. Mikataba ya mfano ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ina kifungu, 4.24, kinachomtaka mkandarasi akikuta vitu vya kale atoe taarifa, na kinampa haki ya kudai muda na gharama. Mikataba midogo ya maji mara nyingi haina. Bila hicho, mkandarasi aliyekodi kijiko kwa siku anapoteza pesa kila saa ya kusimama, na dereva ataona kigae kama vile haoni. Weka mstari katika orodha ya kazi na bei: saa za kusubiri kwa sababu ya mambo ya kale, kiasi kadhaa, kwa bei ya mkandarasi mwenyewe. Zisipotumika hazilipwi. Mstari huo mmoja unaokoa zaidi ya semina tatu.

Utaratibu wa kitu kilichofukuliwa bila kutarajiwa uwe karatasi moja, kwa Kiswahili, ubandikwe ndani ya kibanda cha msimamizi na usomwe kwa sauti kwa wachimbaji. Simamisha mashine ndani ya mita 20. Usitoe kitu, usisafishe. Piga picha ukiweka kalamu au jembe kwa kipimo. Zungushia kamba. Mpigie mtu aliyetajwa kwa jina na namba, na naibu wake. Kazi iendelee kwingine kwenye mstari. Mwanaakiolojia ajibu ndani ya saa 48. Asipoahidi hivyo, hakuna atakayempigia mara ya pili. Mifupa ya binadamu ikitokea, mtendaji wa kijiji na polisi kwanza, kwa kuwa hakuna mtu pale shimoni anayejua kwa macho kama ni ya miaka 20 au 800.

Mahali ambapo wananchi wenyewe huchimba mtaro, kila kaya ikipewa mita zake, una wachunguzi mia badala ya mmoja, wanaochimba kwa jembe, polepole, na wanaoujua udongo wao. Wape sampuli halisi waishike mkononi. Usitangaze zawadi kwa kila kigae, la sivyo utaletewa ndoo nzima za vigae vya mashamba ya jirani vikiwa havina mahali.

Mradi ukikabidhiwa, kuna safari moja ambayo karibu haiwekwi kwenye bajeti: siku tatu za kutembea tena mstari baada ya masika ya kwanza. Udongo uliofukiwa huwa umetitia, mtaro umegeuka mfereji, na kwenye miteremko maji yameukata hadi kufikia bomba. Ukutani mwa mikato hiyo matabaka yako wazi, yameoshwa, kwa mamia ya mita, bila kibali cha kuchimba wala chekeche. Piga picha, pima kina, andika namba kwa mfumo uliotajwa, na nakala ipelekwe rejesta ya Idara ya Mambo ya Kale kabla kijiji cha jirani hakijaombewa bomba lake.